Wazazi wa Mtakatifu Augustino walijua nini juu ya mtoto wao?

Makatekista wa vijijini wanatupasha mara nyingi habari ileile. Baba mmoja anafika mbele ya nyumba ya mapadri, anakaa, ananyamaza kidogo, kisha anasema: Padri, huyu mtoto nimemzaa, nimemlisha, namlipia masomo, lakini sijui tena anaishi namna gani. Ukimwuliza, utaona kwamba anajua mengi. Anajua mtoto yuko kalasi gani, anajua bei ya madaftari, anajua siku ya kufunga masomo. Lakini rafiki zake ni nani? Kisha masomo anapita wapi? Anaogopa nini? Anacheka nini na wenzake? Hapo baba hana jibu. Na wazee wanaomsikiliza wanasema upesi: ndiyo mambo ya siku hizi, zamani wazazi walijua watoto wao.

Sisi hatutaki kubishana na wazee. Kweli, katika kijiji cha zamani mtoto alikuwa chini ya macho mengi: shangazi, mjomba, nkambo, jirani. Lakini lile neno zamani, yafaa tulipime. Ni zamani ipi? Na nani alijua nini? Ni vigumu kujibu, kwani watoto wa zamani hawakuandika kitu. Wazee ndio walioandika, na mara nyingi waliandika juu ya wazee wenzao.

Lakini kuna mtoto mmoja wa Afrika aliyeandika. Alizaliwa tarehe 13 Novemba 354, katika mji mdogo wa Thagaste. Leo mji huo unaitwa Souk Ahras, nao uko katika inchi ya Algeria. Waseminari wanamjua tayari: ni Augustino, askofu wa Hippo na mwalimu wa Eklezia. Wanajua mafundisho yake juu ya neema, na wengine wanayaogopa siku ya mtihani. Hapa tutamwacha askofu, tumtazame mtoto anayerudi nyumbani jioni, na baba na mama wanaomwona akiingia mlangoni. Wanamwona, je, wanajua nini?

Habari zenyewe zinatoka hasa katika kitabu cha Maungamo, ambacho Augustino alianza kukiandika karibu na mwaka 397, akiwa askofu, mtu wa miaka zaidi ya 40. Tuwe na akili hapa. Wakati ule baba yake alikuwa amekufa tangu miaka 25 hivi, na mama yake tangu miaka 10. Hawawezi kumjibu. Tena kitabu hicho ni sala. Mwandishi anajishitaki mbele ya Mungu, na mtu anayejishitaki huweza kuongeza rangi. Katika baraza la kijiji, hakimu hakati neno kwa shahidi mmoja tu. Kwa bahati nzuri tunavyo pia vitabu vingine ambavyo Augustino aliandika mwaka 386, mama yake akiwa bado mzima na akikaa katika nyumba ileile. Tutaona kwamba vinasaidia sana.

Baba aliitwa Patricius. Alikuwa na mashamba kidogo na shamba la mizabibu, naye alikuwa mmoja wa washauri wa mji, heshima ambayo siku zile ilileta kodi nyingi kuliko faida. Alikuwa mpagani, mtu wa hasira ya haraka na wa moyo mwema. Mama, Monika, alikuwa mkristu tangu utoto. Katika nyumba walikuwamo watoto wengine, Navigius na dada mmoja, tena watumwa, kama ilivyokuwa desturi ya Waroma. Tusisahau hao watumwa. Mtoto mdogo alishinda na watumwa kuliko na wazazi wake. Alipokwenda shuleni, alisindikizwa na mtumwa aliyeitwa pedagogo, ambaye kazi yake ilikuwa kumpeleka, kumrudisha na kuangalia mwenendo wake. Maana yake, baba alimweka mtu wa kujua kwa niaba yake.

Sasa mambo ya shule. Katika shule ya Thagaste Augustino alijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, naye alipigwa fimbo sana, kwani alipenda mchezo kuliko masomo. Yule mtoto aliogopa fimbo kwa hofu kubwa mno. Ndipo alipojifunza kusali: anakumbuka kwamba sala zake za kwanza zilikuwa kumwomba Mungu asipigwe shuleni. Wamama wa siku hizi wakisikia hivyo watatabasamu, lakini Augustino hakutabasamu hata alipokuwa askofu. Analinganisha hofu ile na hofu ya watu wanaopelekwa kwenye mateso makali. Kisha anasema jambo moja kwa kifupi, ambalo kwetu ni ufunguo wa habari yote: watu wazima, na hata wazazi wake, ambao hawakumtakia mabaya, walicheka majeraha yale ya fimbo.

Tusimhukumu Patricius upesi. Yeye pia alikuwa amepigwa, na baba yake kabla yake. Kwa macho yake fimbo ilikuwa alama ya shule nzuri. Aliona alama mwilini, akazijua, wala hazikufichwa. Kitu ambacho hakukijua ni hofu iliyokuwa ndani. Na mtoto aliyechekwa alifanya nini? Hapa kitabu hakisemi wazi, ni maoni yetu tu, lakini tazameni yanayofuata. Kuanzia pale, katika Maungamo, hatumwoni tena yule mtoto akiwapelekea wazazi wake neno la moyo wake. Tunamwona akiwadanganya. Anadanganya pedagogo, anadanganya walimu, anadanganya wazazi, yote kwa ajili ya mchezo na maonyesho. Anaiba vyakula katika ghala ya nyumba na juu ya meza, saa nyingine kwa ulafi, saa nyingine kusudi apate kitu cha kuwapa watoto wengine wakubali kucheza naye. Pedagogo aliyewekwa ili ajue ndiye wa kwanza kudanganywa.

Juu ya mwili walijua vizuri. Siku moja mtoto alishikwa ghafula na maumivu ya tumbo hata akakaribia kufa. Mama akaharakisha mambo ya ubatizo wake. Mtoto akapona, ubatizo ukaahirishwa, kama wakristu wengi walivyofanya siku zile. Mzazi anaona homa mara moja. Homa haina ujanja wa kujificha.

Akiwa na umri wa miaka 11 au 12 alipelekwa Madaura kusoma zaidi. Madaura si mbali na Thagaste, ni mwendo wa siku moja au zaidi kidogo kwa miguu, lakini ulikuwa mji wa kipagani. Sanamu za miungu zilisimama hata uwanjani, naye Augustino anazitaja katika barua moja. Juu ya maisha yake ya kila siku kule hatujui karibu kitu. Sisi hatujui, na bila shaka Monika pia hakujua mengi. Jambo analotuambia ni kwamba feza zilikwisha. Alipofikia umri wa miaka 16 alirudishwa nyumbani, akakaa mwaka mzima bila shule, baba yake akitafuta namna ya kumpeleka Carthage. Watu wote wa mji walimsifu Patricius, kwa sababu alitumia feza kupita uwezo wake kwa masomo ya mtoto, wakati matajiri wengi hawakufanya vile. Na Augustino anaongeza, bila matusi, kwamba baba yule yule hakushughulika kujua mtoto wake alikuwa anakua namna gani mbele ya Mungu, mradi awe msemaji hodari.

Mwaka ule wa uvivu unastahili tusimame kidogo. Siku moja Patricius alikwenda na mtoto wake kwenye nyumba ya kuogea. Akaona kwamba kijana amekuwa mwanamume. Akarudi nyumbani na furaha, akamwambia mke wake, kama mtu ambaye ameona tayari wajukuu wake. Monika hakufurahi, alitetemeka. Akamwita mtoto wake peke yake, akamwonya sana ajihadhari na uzinzi, na zaidi ya yote asiguse mke wa mtu. Augustino alisikia haya kama maneno ya kike tu, akaona aibu kuyafuata. Haya, wazazi wawili wanatazama mtoto mmoja siku moja. Baba anaona wajukuu. Mama anaona hatari. Lakini hata mama hakutaka kumwoza, kwani aliogopa kwamba mke angezuia masomo. Yeye mwenyewe, asema mwanawe, alikuwa ametoka katikati ya Babiloni, lakini bado alitembea polepole pembeni.

Na kijana alikuwa wapi siku zile? Alikuwa barabarani na wenzake mpaka usiku. Wenzake walijisifu mabaya yao, naye aliona haya kuwa mwema kuliko wao, hata akasimulia mabaya ambayo hakuyafanya. Usiku mmoja, kisha kucheza mpaka saa nyingi, walikwenda kutikisa mti karibu na shamba la mizabibu la Patricius. Ule mti ulizaa matunda yale ambayo Wafaransa wanayaita poire. Tusiyachanganye na mapera yetu. Wakachukua mizigo mizima, wakaonja kidogo, yaliyobaki wakawatupia nguruwe. Habari hii inajulikana dunia nzima, na wahubiri wameichosha. Sisi tunataka kuuliza jambo dogo ambalo wahubiri hawaulizi: nani alijua? Mti ulikuwa wa jirani. Saa ilikuwa ya usiku. Mtoto wa miaka 16 hayuko nyumbani. Katika kurasa zile zote Augustino hataji swali la baba, hataji malalamiko ya mwenye mti, hataji mama akingoja mlangoni. Kama waligundua, hakuona haja ya kusema. Wenzake walijua. Nguruwe walijua. Wazazi, ambao siku zile walikuwa wakihesabu feza za Carthage kwa ajili yake, ndio tusiosikia habari zao.

Mtu atasema: Monika alikuwa na kosa la kutolinda vizuri. Basi tusikilize habari ya utoto wa Monika mwenyewe, ambayo mama huyu alimsimulia mwanawe. Yeye alilelewa kwa ulinzi mkali. Mzee mmoja wa kike, mtumishi wa nyumba, ndiye aliyewalea mabinti. Zamani alikuwa amembeba mgongoni baba yake Monika, kama wasichana wakubwa wanavyobeba watoto hata kwetu. Mzee huyo hakuwaruhusu mabinti kunywa hata maji nje ya saa za chakula, ili wasizoee kunywa ovyo, kwani alijua kwamba siku watakapokuwa na funguo za ghala hawatatafuta maji. Ulinzi wa namna ile nani anao leo? Na juu ya hayo wazazi walimwamini Monika, hata walimtuma yeye kuteka divai katika pipa. Kumbe kila mara aliposhusha kikombe, alionja kwa ncha ya midomo, si kwa kupenda divai, bali kwa utundu wa utoto. Kesho akaongeza kidogo, na kesho kutwa tena, hata akafika kumeza vikombe karibu kujaa.

Baba hakujua, mama hakujua, na yule mzee mwenye macho makali hakujua. Aliyejua ni msichana mtumwa aliyefuatana naye kwenye pipa. Siku moja waligombana wawili peke yao, na mtumwa kwa hasira akamtupia neno la matusi, akamwita mlevi. Monika akachomwa na neno lile, akaacha siku ileile. Augustino anaona hapo mkono wa Mungu, aliyetumia hasira ya mmoja kumponya mwingine. Sisi, bila kuondoa mkono wa Mungu, tunaona pia jambo la kibinadamu: maisha ya kila siku ya mtoto yanajulikana na yule anayefuatana naye kwenye pipa.

Tupite haraka juu ya miaka ya Carthage. Patricius alibatizwa, akafa, kijana akiwa na umri wa miaka 17 hivi. Monika akaendelea kulipa masomo, na tajiri mmoja wa mji, Romanianus, akasaidia. Huko Carthage Augustino alipata mwanamke aliyeishi naye miaka mingi, wakazaa mtoto, Adeodatus. Akaingia pia dini ya Wamanikeo. Aliporudi Thagaste kufundisha, mama alikataa kwanza kukaa naye katika nyumba moja na kula naye meza moja, kwa ajili ya uzushi ule. Kisha aliota ndoto iliyomtuliza, akamrudisha mezani. Twaona kwamba sasa Monika alijua jambo kubwa kabisa, ndilo imani ya mwanawe. Lakini je, alijua siku zake?

Hapa ndipo vitabu vya mwaka 386 vinapotusaidia. Kule Thagaste rafiki mmoja wa Augustino, kijana wa umri wake, alikufa. Augustino alihuzunika hata mji ukawa kwake mateso, na nyumba ya wazazi ikawa taabu kuitazama. Akahama, akarudi Carthage. Katika kurasa zile za Maungamo, zilizojaa machozi, mama hatajwi. Mtu anayekaa meza moja naye! Basi fungueni kitabu alichoandika dhidi ya wafuasi wa Akademia, katika utangulizi wa sehemu ya pili, pale anapomshukuru Romanianus. Anasema kwamba alipotaka kuondoka, alimfunulia Romanianus shauri lake na matumaini yake, wala hakumfunulia mtu hata mmoja wa jamaa yake. Hata mmoja. Na kitabu hicho kiliandikwa Monika akiwa karibu. Hatuna basi sababu ya kufikiri kwamba askofu mzee alikosea kukumbuka.

Mwaka 383 akafanya zaidi. Aliamua kwenda Roma. Mama akamfuata mpaka pwani ya Carthage, akamshika, akitaka arudi naye au waende pamoja. Augustino akamwambia uongo: kwamba yuko na rafiki anayengoja upepo, naye hataki kumwacha mpaka asafiri. Kwa shida akamshawishi mama alale katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriano, karibu na chombo. Usiku uleule akaondoka. Asubuhi Monika akasimama pwani, akajaza masikio ya Mungu kilio chake. Alikuwa mjane wa miaka 50 na zaidi. Mtoto wake alikuwa mtu wa miaka 28, mwalimu anayejulikana mjini. Kwa desturi ya kuficha habari zake, alikuwa bado yule aliyemdanganya pedagogo.

Monika hakukaa Afrika. Mwaka 385 alimfikia Milano. Tungependa kusema kwamba kuanzia hapo alijua yote, lakini si hivyo. Alimtafutia mchumba wa jamaa nzuri. Yule mwanamke wa miaka mingi akarudishwa Afrika, akamwacha mtoto kwa baba yake. Augustino anaandika kwamba moyo wake ulipasuka na kutoka damu. Hasemi kwamba alimwambia mama yake.

Neno lilikuja mwaka 386, katika bustani ya Milano. Waseminari wanaijua habari, hatutaisimulia. Lakini tazameni hatua inayofuata mara moja, ambayo wasomaji wengi wanairuka. Augustino na rafiki yake Alypius wanaingia nyumbani, wanamwendea mama, wanamwambia. Tena hawamwambii tu kwamba jambo limekwisha. Wanamsimulia lilivyotendeka, hatua kwa hatua. Katika kitabu kizima, kuanzia fimbo za Thagaste, ndiyo mara ya kwanza tunamwona mtoto huyu akikimbia kwa mama yake mara ileile kumpasha jambo la ndani ya moyo wake. Alikuwa karibu kutimiza miaka 32.

Miezi iliyofuata walikaa shambani, Cassiciacum, na wanafunzi wawili, Licentius na Trygetius, pamoja na Adeodatus, Navigius na wengine. Walizungumza juu ya hekima na juu ya furaha, na mwandishi wa upesi akaandika maneno ya kila mmoja. Siku moja Monika aliingia, akauliza mazungumzo yamefika wapi. Augustino akaamuru swali lake liandikwe pia. Mama akashangaa: je, amepata kusikia kwamba wanawake wanatiwa katika vitabu vya namna hii? Lakini liliandikwa. Mwanawe, ambaye zamani aliona maonyo yake kuwa ya kike, sasa anataka maneno yake yabaki.

Kuna na jambo la kuchekesha, nasi hatulifichi kwa kuwa Augustino hakulificha. Kijana Licentius alizoea wimbo mmoja wa zaburi, akauimba kwa sauti kubwa usiku, akiwa chooni. Monika alimsikia, akamkemea kwamba pahali pale hapastahili nyimbo takatifu. Wasimamizi wa mabweni watamfahamu vizuri huyu mama! Baba yake Licentius alikuwa ni yule Romanianus, naye alikuwa mbali. Hakuweza kusikia mtoto wake anaimba nini wala wapi.

Lakini Augustino alifanya nini kwa baba yule? Kitabu cha kwanza kilichotoka shambani kule alimtolea Romanianus, akampelekea mazungumzo yenyewe ya mwanawe yaliyoandikwa: Licentius amesema hivi, ameshindwa hapa, amecheka, ameona haya, amejaribu tena. Hakumpelekea tu neno kwamba kijana anaendelea vizuri. Mwalimu aliyechekwa na wazazi wake zamani sasa anampa mzazi mwingine kitu ambacho Patricius hakupata kamwe: sauti ya mtoto wake siku ya kazi.

Tunaandika haya kwa mapadri na makatekista, na lazima tuseme neno juu yetu sisi wenyewe. Mtaguso wa Trento, tarehe 15 Julai 1563, uliagiza maaskofu kufungua nyumba za kulelea vijana kwa upadri, nao wapokelewe wakiwa na umri wa miaka 12 angalau. Kwetu Congo, tangu Stefano Kaoze alipopewa upadri mwaka 1917 kule Baudouinville, ambayo leo ni Moba, jamaa nyingi zimetoa watoto wa umri ule. Katika habari ya Augustino tunapenda kujiona sisi ni maaskofu. Mara nyingi zaidi sisi ni pedagogo: tumewekwa tujue kwa niaba ya baba aliyeko mbali, nasi tunaweza kudanganywa wa kwanza.

Tulipokuwa wenyewe katika seminari ndogo, tuliandika nyumbani kila likizo ilipokaribia. Barua zilifanana: mimi mzima, masomo yanaendelea, salamu kwa wote. Barua zilisomwa kwanza na mkubwa wa nyumba, basi nani angeandika zaidi? Mmoja wetu alikaa mwaka mzima akinyang'anywa chakula na wakubwa wa kalasi ya juu. Wazazi wake walipokea kila mara karatasi ya pointi, na pointi zilikuwa nzuri. Mama yake alitunza karatasi zile katika sanduku pamoja na nguo za sikukuu. Alijua hesabu ya mwanawe, alijua Kilatini chake. Habari ya njaa alisikia kisha miaka 20, siku ya matanga, mwanawe akisimulia kwa kicheko. Naye mama hakucheka. Alitoka nje, akakaa peke yake nyuma ya nyumba.

Monika alikufa Ostia, mwaka 387, akiwa na umri wa miaka 56, siku ya tisa ya ugonjwa. Siku chache mbele walikuwa wamesimama wawili dirishani, wakitazama bustani, wakazungumza muda mrefu. Katika ugonjwa wake alimsifu mwanawe kwa upendo, akasema hakumbuki kusikia kutoka kinywani mwake neno kali hata moja juu yake. Mama yuleyule wa pwani ya Carthage! Hatuwezi kusema alikuwa amesahau. Huenda alipima kwa kipimo chake mwenyewe. Mwaka 1945, kule Ostia, vijana wawili waliochimba shimo la kusimamisha mti wa mchezo wao, karibu na kanisa la Mtakatifu Aurea, walifukua kipande cha jiwe la kaburi lake. Kama wazazi wao walijua wanachimba wapi, hatukusoma popote.

Linabaki jambo la Adeodatus. Huyu naye alifika umri wa miaka 16, umri wa baba yake usiku ule wa matunda, umri ambapo Patricius alirudi na furaha kutoka nyumba ya kuogea. Walikuwa wamekwisha kurudi Afrika. Augustino alikaa na mtoto wake wawili tu, wakazungumza juu ya maneno na maana yake, jinsi mtu anavyoweza kumfundisha mwingine kitu, na mazungumzo yao yakawa kitabu, De magistro, karibu na mwaka 389. Baba anauliza, mtoto anajibu. Mtoto anakosea, baba anangoja. Pengine mtoto ndiye anayekataa, na baba anaanza upya. Muda si mrefu kijana akafa. Miaka ikapita, na katika Maungamo baba yake akashuhudia mbele ya Mungu kwamba mawazo yote yaliyotiwa mle katika kinywa cha yule mtoto yalikuwa ya mtoto mwenyewe. Na anayesema wa mwisho katika kitabu kile ni Adeodatus. Baba amekwisha kunyamaza.